Kikohozi cha Ubeti wa Tatu

Asubuhi ya Juni, Mafiati, baridi imeingia kwenye spana:
ukishika chuma, nacho kinakushika.
Mzee Tweve akaja na Noah yake ya kijivu,
kishindo kimemtangulia, vioo vinatetema,
kibao cha namba kinapiga kayamba peke yake.
Akakohoa kabla ya salamu,
kimoja kifupi, viwili vya kufuatana.
"Nataka nikiwa Mbalizi, Uyole wasikie.
Amplifaya nimenunua, sabufa mbili nimenunua,
bado wimbo unatoka kama wa mtu
mwenye kiazi cha moto mdomoni."

Fundi Andongwisye hakujibu.
Akashusha sauti mpaka sifuri,
akavuta mlango wa gereji kwa mguu.
"Tusekile, washa injini.
Tusikilize kwanza kimya chake."

Kimya chake kilikuwa kichafu.
Nyiiii, nyembamba, mbu ndani ya chandarua;
nikikanyaga mafuta, inapanda,
nikiachia, inashuka:
altaneta inaimba na hakuna aliyeialika.

Tukang'oa viti, tukakunja kapeti.
Waya wa hasi tukaukuta umefungwa juu ya rangi.
Rangi safi, inang'aa,
lakini rangi si chuma.
"Hata umeme unataka pa kukanyaga," fundi akasema,
akanipa msasa.
Nikakwangua mpaka bati likawa jeupe kama jino,
nikakaza nati, nikapaka grisi.

Waya mnene wa betri ulilala kitanda kimoja
na nyaya nyembamba za sauti, ukizinong'oneza upuuzi njia nzima.
Tukautenga: wenyewe kushoto, hizo kulia.
Milango tukaishibisha lami ya kubandika
na sponji la godoro kuukuu la Mwanjelwa.
Nyuma ya kibao cha namba, kipande cha ndala.
Mwisho fundi akashika kitufe cha geini
akakirudisha nyuma.

"Unapunguza?" Tweve akaruka. "Nimelipia wati elfu mbili!"

"Kelele na sauti ni ndugu, mzee,
ila hawali sahani moja."

Saa kumi, Loleza imejifunika ukungu hadi mabegani.
Tweve akachomeka flashi:
kwaya ya usharika wao, ilirekodiwa miaka tisa nyuma,
mkewe Ambwene yumo.
Akapandisha. Akapandisha tena.
Besi ikaja kifuani, ikakaa vizuri, haikuchana kitu.
Muuza mahindi ng'ambo ya barabara akageuka,
mkono wake haukwenda sikioni.
Nikasikia waimbaji wakivuta pumzi kabla ya neno,
karatasi ikigeuzwa,
mvua juu ya bati la kanisa siku ile,
benchi likilalamika chini ya mtu mzito.
Tweve amefumba macho, kidole kinapiga usukani.

Ubeti wa tatu wote wananyamaza,
Ambwene anapanda peke yake,
anapanda, anakaribia kilele, na

*kho!*
*kho-kho!*

Kimoja kifupi, viwili vya kufuatana.
Upande wa kulia, safu ya pili hivi.
Hata muuza mahindi angeweza kumwonyesha kwa kidole.

Mimi nikainamia sanduku la spana
nikatafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza.
*Kho! Kho-kho!*
Akazima.
"Miaka tisa," akasema, "anasema mimi ndiye niliyeharibu.
Miaka tisa namwambia ni redio."

Ukungu ukateremka mpaka kwenye nguzo za umeme.
Akahesabu pesa, akazidisha elfu tano bila kujua,
akaingia ndani, akashusha kioo nusu.
"Fundi. Ile ya asubuhi...
huwezi kuirudisha, hata kidogo?"

Andongwisye alikuwa anafuta mikono,
kidole kimoja baada ya kingine.
"Rangi tumeshaikwangua, mzee."